Aliyeingia kwa Namba ya Chai

Tulimwacha Rodah amesimama katikati ya sebule yake, saa nne asubuhi, jua limeshapanda, mlango umefungwa, na ile kamera iliyo juu ya kabati inageuza shingo polepole kumtazama. Hakuna mkono ulioigusa. Nyumbani alikuwa peke yake.

Msomaji mmoja wa Kedowa ameniandikia kwamba angekuwa yeye, angeitwanga kwa mchi. Dada, nimekusikia. Lakini Rodah alichukua kitambaa cha kiti, kile cha kufuma kwa mkono, akaifunika kamera kama mtu anavyofunika maziwa, kisha akaketi.

Kama ndio leo umeshika hadithi hii, usiogope, hujachelewa. Weldon, mumewe Rodah, yuko Doha mwaka wa tatu sasa, analinda ghala. Miezi miwili iliyopita alituma kisanduku: kamera ya kugeuka, balbu mbili za kuwashwa kwa simu na plagi ya friji inayojizima yenyewe. Vyote vilitaka kuunganishwa na waifai ya nyumba. Fundi akawa Clifford Oyoo, mwenye kibanda cha simu pale Kaplong. Kazi ya saa moja ikachukua siku tatu, maana vidude hivyo vinashika mawimbi ya aina moja tu, na ruta ilikuwa inatoa aina mbili kwa jina moja. Siku ya tatu mvua ikanyesha. Rodah akampa fundi kikombe cha chai, fundi akasema jambo, wakacheka.

Basi, ni hayo tu. Lakini picha ya kicheko hicho ilifika kwenye simu ya mama mkwe, Rebeccah, kutoka namba isiyojulikana. Ilipigwa kutoka juu ya kabati.

Leo saa nane mchana familia inakaa kikao. Mwenyekiti ni Mzee Kipkemboi, baba mdogo wa Weldon, jirani na mzee wa kanisa, mtu asiyecheka hata harusini. Akiona Rodah ana makosa, Rodah atafunga nguo arudi kwao Mulot, na binti yake Chepchirchir, wa miaka sita, abaki katika boma hili. Hilo ndilo alilolihofia. Nyumba angeiacha. Hata Weldon, tukiambiana ukweli, angemwacha. Mtoto, hapana.

Sasa fikiri kama alivyofikiri yeye. Kuitazama kamera ile unahitaji kuingia kwenye akaunti yake, na zaidi ya Rodah, akaunti ilijulikana na watu wawili: Weldon mwenyewe, na Clifford aliyeifungua. Weldon alikuwa ameapa kwa simu kwamba hajaichungulia mwezi mzima, kwamba kazini simu wanaziacha getini. Aliyebaki ni mmoja.

Rodah akampigia Clifford. Akamwambia aje, na aje sasa hivi.

Clifford alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, na alipofika hakuwa peke yake. Alikuwa amemleta mama yake, Eucabeth, aliyechuma chai ya mashamba makubwa miaka thelathini na ambaye hajawahi kumwogopa mnyapara yeyote. Eucabeth alivuta stuli akaiweka mlangoni kabisa, mlango wazi, anaonekana na kila mpita njia, akatoa uzi wake wa kufuma.

"Mimi sikuji kwa hii nyumba peke yangu tena," Clifford alisema.

Rodah hakumkaribisha kiti. "Nitakuuliza mara moja. Ni wewe?"

"Madam, hiyo picha imeniharibia mimi pia. Tangu Jumapili hakuna mama ameniita kwa nyumba yake. Sasa mimi ndio nijipige picha nijimalize?"

Jibu zuri. Zuri mno, Rodah akawaza. Mwenye hila hujiumiza kidogo ili asishukiwe. Akamtazama Clifford mikono, akamtazama viatu, akatafuta kitu cha kumkamata nacho asikione. Fundi naye alikuwa ameshakaa chini sakafuni na simu ya Rodah mkononi, anafungua ukurasa wa ruta.

Akauliza nyumba ina vifaa vingapi vinavyotumia waifai. Rodah akahesabu: simu yake, televisheni, kamera, balbu mbili, plagi. Sita.

Clifford akamgeuzia kioo. Vilikuwa ishirini na tano.

Rodah alisoma jina moja baada ya jingine. Kulikuwa na Dorcus Kwaya. Kulikuwa na Pikipiki Stage, na mtu anayejiita Mfalme. Kulikuwa na Kipkemboi Elder. Soma tena, msomaji wangu: Kipkemboi Elder. Mzee wa kumhukumu mchana alikuwa ndani ya mtandao wake asubuhi, ametulia.

"Hii paswadi ulinipatia kwa karatasi," Clifford alisema. "Ni namba ya nini?"

Rodah akamwambia kwamba Weldon ndiye aliyeichagua, ili isisahaulike. Ni namba ya ukulima wa chai ya familia.

Clifford akashika kichwa.

Ndugu zangu wa mijini, ngoja niwaambie. Kila mkulima mdogo wa huku ana namba yake. Ukipeleka majani kituoni, karani anaiita kwa sauti mbele ya foleni nzima, mara tatu kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Imeandikwa kwa rangi kwenye magunia. Watoto wanaijua kabla ya kujua siku yao ya kuzaliwa. Watu wa ukoo huu waliona si siri tu, waliona ni siri nzuri, kwa kuwa ni yao wenyewe. Wakaufungia mlango wa nyumba yao kwa neno ambalo kijiji kizima hulisikia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

"Na wewe hukujua?" Rodah aliuliza, bado hajamwamini.

"Ningejulia wapi? Sisi hatuna chai. Mama alichuma ya wenyewe." Clifford alisema hivyo bila uchungu, lakini pale mlangoni sindano ya Eucabeth ilisimama kidogo.

Hapo ndipo Rodah alianza kumwamini. Si kwa sababu ya maneno, ni kwa sababu alijua ni kweli.

Lakini kuingia kwenye waifai si kuingia kwenye kamera, Clifford akamweleza. Watu hawa wengi walikuwa wezi wa kawaida wa mtandao, wanatazama mahubiri na mpira. Mwenye kamera ni mmoja tu kati yao, yule mwenye akaunti. Akaendelea kusogeza majina juu. Karibu na mwisho, Rodah akamshika mkono.

Jina lilikuwa Baba Chep.

Jina hilo alilitia Rodah mwenyewe, kwenye simu aliyomnunulia Weldon wiki ya kuondoka kwake, ili kila akiiwasha akumbuke ana mtoto. Simu hiyo Weldon alisema iliibwa Doha mwezi wa kwanza tu. Alilia kwenye simu ya mwenzake akieleza. Rodah naye akalia huku.

"Labda aliyeiba ameiuza," alisema, na sauti yake haikuwa yake.

"Madam, sikia. Waifai yako ikifika barabarani na kwa majirani inakuwa hafifu, na hii imeshika kwa nguvu. Nimeipima mimi mwenyewe siku ile. Hii simu haiko Doha. Iko hapa, kwa hii boma, saa hii."

Rodah akageuka dirishani. Hatua ishirini kutoka nyumba yake ya mawe iko nyumba ya mbao ya mama mkwe, na nje ya jiko lake Rebeccah alikuwa amekaa kwenye kigoda anasugua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa kijiti cha mkaa, taratibu, kama siku yoyote nyingine. Kilikuwa kibuyu kirefu chenye shanga za buluu shingoni. Kibuyu cha Weldon.

Mambo yakaanza kumrudia moja moja. Kwamba tangu wiki tano zilizopita mama mkwe amekuwa akiomba lita moja zaidi ya maziwa, eti ana wageni wa kanisa. Kwamba wageni hao hakuwahi kuwaona. Kwamba pazia la chumba cha nyuma halifunguliwi tena. Rebeccah aliyemwita mwanangu, aliyemshika mkono akijifungua. Kumbe simu haikuibwa. Weldon alimwachia mama yake, na mama anaichunguza nyumba ya mkaza mwana kupitia kamera ya mwanawe.

Ndivyo alivyowaza Rodah. Mimi sisemi kitu kwa sasa.

Alitaka kutoka nje amkabili pale pale, na mkaa wake mkononi. Eucabeth akamzuia kwa mguu mmoja tu, aliounyosha kukingama mlango. Akamwambia kwamba ukimshika mtu bila watu kuona, atakana, na wewe ndiye utaonekana mgomvi.

Basi wakabadilisha nywila. Clifford akaweka mpya, herufi na tarakimu zisizo na maana kwa mtu yeyote, na ruta ikazima na kuwaka. Majina yote yakaanguka. Wakairudisha simu ya Rodah, na televisheni. Kamera wakaiacha nje ya mtandao, chini ya kitambaa chake, kipofu.

Haikupita robo saa. Wa kwanza alikuwa Dorcus wa kwaya, aliyekuja kuomba kitunguu na kuuliza kwa mbali kama kuna shida ya mtandao upande huu. Wa pili alipiga simu. Alikuwa Mzee Kipkemboi, na alikuwa na kinyongo. "Rodah, kwenu kuna nini? Nilikuwa katikati ya mahubiri, mtu wa Mungu ameganda na mdomo wazi."

Rodah akamjibu kwa heshima kwamba ataangalia.

Wa tatu ndiye aliyemngojea. Rebeccah aliweka kibuyu chini, akaingia ndani ya nyumba yake, akakaa humo kidogo, akatoka. Akaita kutoka kwenye kigoda, kwa sauti ya kuuliza hali ya hewa: "Rodah, hiyo internet yenu imezima?"

Mama huyu, msomaji wangu, hutumia simu yake kupokea na kukata tu. Hata ile picha, Dorcus ndiye aliyemfungulia.

Rodah akasema imezima, itarudi saa nane. Akafunga dirisha. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa hata akaiogopa. Kisha akamweleza Clifford mpango wake: kwenye kikao ataisoma nywila mpya kwa sauti, wote waisikie, halafu ataitazama mikono ya mama mkwe. Atakayeishika simu ya Baba Chep ataonekana.

Clifford akamwachia ukurasa wa ruta umefunguka kwenye simu, akamwonyesha wapi jina litatokea. Fundi na mama yake wakaondoka kabla ya wazee kufika. Eucabeth ndiye aliyesema neno la mwisho, akikunja uzi wake.

"Usilie mbele yao. Ukilia watasema umekubali."

Saa nane wakaja. Walikuwa saba, wamevua kofia, wamekataa chai, na ukiona mzee wa Kericho au Bomet amekataa chai, jua hukumu imeshapikwa. Rebeccah alikaa kwenye kochi la pembeni, kitabu cha nyimbo mapajani. Mzee Kipkemboi akaomba. Aliomba kwa muda mrefu juu ya wanawake wa siku hizi.

Kisha Weldon akapigiwa kwa video, akatokea kwenye televisheni kubwa, shuka jeupe limetundikwa nyuma yake. Amekonda, Rodah akawaza, na licha ya yote moyo ukamsogea kidogo. Lakini picha ilikuwa mbaya. Uso ulikatika vipande, mdomo ukaenda huku na sauti kule. Alikuwa anasema kuhusu aibu, kuhusu jasho lake ugenini, kuhusu mtoto wake kulelewa na mama mwenye heshima. Kila neno la tatu lilipotea, na yaliyofika yalitosha kumchoma Rodah.

Mzee Kipkemboi akapandisha mkono. Akasema hawezi kukata kesi ya mtu aliyeganda. Bando za intaneti za huko Doha ni duni, ndivyo alivyoeleza wenzake kwa ujuzi. Halafu akafanya jambo ambalo Rodah hakulitarajia hata kwa ndoto.

"Na hiyo paswadi ulibadilisha, Rodah. Ni gani? Sisi ni familia, hatufichani."

Mzee mwenyewe ameomba. Rodah akainuka, akashika karatasi, akaisoma. Aliisoma polepole, herufi kwa herufi, na kwa sababu wazee husikia kwa shida, akairudia. Hakuna aliyeona ajabu, maana watu wa huku wamezoea namba kusomwa kwa sauti. Wazee watatu wakatoa simu.

Rodah akaketi. Simu yake ilikuwa kwenye goti, ukurasa wa ruta umefunguka. Macho akayaelekeza kwa Rebeccah.

Kipkemboi Elder akaingia.

Wazee wengine wawili wakaingia.

Rebeccah hakusogea. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kitabu cha nyimbo, vidole vimefumbatana hadi vimepauka. Hakuwa na simu. Hakuwa na mkoba. Rodah akasubiri, akaanza kuhisi kwamba amemsingizia mama wa watu na kwamba sasa hana tena la kujitetea.

Ndipo simu ikawaka kwenye goti lake. Baba Chep ameingia.

Akainua macho kwa mama mkwe. Mikono ilikuwa pale pale.

"Sasa hapo," alisema Mzee Kipkemboi kwa furaha, akiitazama televisheni. "Sasa hapo tumekupata vizuri, kijana wangu."

Picha ilikuwa safi. Uso wa Weldon ulisimama kwenye kioo bila kukatika, ndevu zinahesabika, sauti imeungana na mdomo. Shuka lililo nyuma yake lilionyesha hata mikunjo yake. Rodah alilitazama shuka hilo, akatazama simu kwenye goti, akatazama shuka tena.

Sijui wewe ungefanya nini. Rodah alihisi vitu vitatu kwa wakati mmoja: hasira, aibu ya mtu aliyelia kwa miaka mitatu kwa ajili ya simu iliyoibwa, na chini kabisa, faraja ambayo hakuitaka. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Baba Chep, ile simu yako ya kwanza. Iliibwa wapi?"

Weldon akasema iliibwa kwenye basi, na kwamba hayo hayahusiani na kikao.

"Na saa hii unatumia internet ya nani?"

"Ya kampuni. Kwa nini unauliza?"

Rodah akainuka, akatembea hadi kwenye meza ya televisheni. Mzee Kipkemboi akamuuliza anakwenda wapi. Akainama nyuma ya meza, akaishika waya ya ruta, akaing'oa ukutani.

Weldon akaganda kwenye kioo na jicho moja limefumba. Kisha televisheni ikawa nyeusi.

Wazee wakaanza kunung'unika wote pamoja. Mmoja akasema sasa ameonyesha dharau yake wazi wazi. Rodah akanyanyua kidole, si kwa ubishi, akawaomba jambo moja tu.

"Msikize."

Wakanyamaza, labda kwa mshangao. Akafungua dirisha. Ng'ombe alipiga kwato zizini. Halafu, kutoka ile nyumba ya mbao, hatua ishirini kuvuka ua, ikaja sauti ya mwanamume, kubwa kama ya mtu anayezungumza na simu iliyokatika.

"Hello? Hello, Mzee? Mnanipata?"

Mzee mmoja akainuka kitini.

"Mama?" sauti ikaita tena, sasa kwa wasiwasi. "Mama, mbona imekatika?"

Mzee Kipkemboi alitazama televisheni nyeusi, akatazama dirisha, akatazama simu yake mwenyewe kana kwamba ndiyo imemdanganya. Rodah akamgeukia.

"Mzee, kikao bado ni changu?"

Hakungoja jibu. Alielekea mlangoni, na alikuwa ameshashika kitasa pale kitabu cha nyimbo kilipoanguka sakafuni. Rebeccah alimfikia kwa hatua mbili, mama huyu anayelalamika magoti kila siku, akaupiga mlango ukafungwa, akauegemea kwa mgongo. Alikuwa analia, na hakuwa akimtazama Rodah. Alikuwa anatazama dirisha la nyumba yake, lenye pazia.

"Mwanangu, nipige ukitaka," alisema. "Lakini usiende huko. Hayuko peke yake."